Ekzosi ya Gari la Mzee Ezekia

Jumapili jioni, Tunduma.

Upepo wa kipupwe umeleta vumbi na baridi kwa pamoja, mpaka mtu hujui unafunga dirisha kwa sababu ya kipi. Nimevaa soksi mbili mbili na kitenge mabegani, chai ipo pembeni. Mwili umechoka ila kichwa kinakataa kupumzika. Wiki nzima kilikuwa kinatafuna jambo moja, na naona niliandike leo kabla halijapoa.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naitwa Sekela, ni fundi wa kuchomelea, na gereji yangu ipo Chapwa karibu na barabara ya malori. Kazi yangu kubwa ni ekzosi. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia huniletea mabomba yaliyotoboka, napiga kiraka, yanaondoka. Hakuna dereva aliyewahi kuniuliza ekzosi yake italiaje. Lori linalia kama lori, basi.

Halafu akaja Mzee Ezekia.

Gari lake ni la Kifaransa, la zamani hasa, refu la familia lenye safu tatu za viti, rangi ya maziwa mgando. Alilinunua enzi akiendesha malori ya masafa kwenda migodi ya shaba kule Zambia. Zamani magari ya aina ile yalikuwa mengi hapa, leo ukiliona moja unageuza shingo. Mimi sikugeuza shingo tu. Nililala chali kwenye vumbi nikaingia chini yake kuangalia tumbo, na nilipotoka nikakumbuka sijamsalimia mtu yeyote. Nikasema shikamoo nikiwa na grisi kwenye pua. Mkewe, Mama Eliza, alicheka mpaka akashika mbavu.

Ekzosi ilikuwa imeoza yote, kuanzia kwenye injini mpaka mkiani. Spea haipo Tunduma, haipo Mbeya, na nadhani haipo popote penye akili. Maana yake ilitakiwa kubuniwa upya na mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilifurahi kitoto kabisa, nakiri.

Mama Eliza ndiye aliyenieleza shida ilivyo. Binti yao Eliza, aliyeolewa Hasamba, ameshampata mtu wa kulinunua lile gari. Anasema baba amezeeka, analitesa. Analikanyagia mafuta mpaka watu barabarani wanageuka, gia zinalia, klachi imeungua na kubadilishwa na kuungua tena. Wakakubaliana hivi: Jumapili mjukuu anabatizwa Hasamba. Baba akifika na gari lake bila kulitesa, funguo zinabaki mfukoni kwake. Akishindwa, gari linauzwa. Mama Eliza alisimulia huku anacheka, lakini mkoba wake alikuwa ameukumbatia kama mtu aliyepo stendi.

Mzee alikuwa anamtazama mdomo muda wote. Kisha akanigeukia mimi.

"Binti, nifanyie liseme. Likisema, mimi naliendesha. Likinyamaza linanichanganya."

Mimi nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Nikajisemea, kumbe hata wazee wanapenda sifa.

Kilichofuata kilikuwa raha tupu. Sikuwahi kujiuliza sauti ya ekzosi inatoka wapi. Nilijua bomba likitoboka linapiga kelele na likizibwa linanyamaza. Nikakaa na simu kusoma, nikaelewa nusu, nusu nyingine nikaamua kuijaribu kwa mikono. Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, kila silinda na pigo lake. Ukiyapa mapigo chumba cha kutosha ndani ya sailensa, lile kopo la kupunguza kelele, yanagongana yenyewe kwa yenyewe na kufa. Bomba likiwa refu sauti inashuka na kuwa nzito, likiwa fupi inapanda na kuwa kali.

Nilikata vipande vya bomba vya urefu tofauti nikavipuliza kwa mdomo, asubuhi nzima. Juma, fundi springi tunayepakana ukuta, mtu wa Kondoa asiyeweza kuona kitu akanyamaza, alichungulia akauliza kama nimejiunga na bendi. Nikampa kipande naye. Akapuliza mpaka wateja wake wakaanza kulalamika.

Kwa vipimo nilitumia waya laini. Unaulaza chini ya gari, unaupindisha ufuate njia yote, unakwepa ekseli, unakwepa tangi, kisha unautoa na kuulaza sakafuni. Hiyo ndiyo ramani. Bomba unalijaza mchanga, unaziba pande zote mbili, unachoma kwa gesi mpaka liwe jekundu, ndipo unalipinda taratibu. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu mvuke unafyatua kizibo, na kizibo hakichagui uso wa mtu.

Ekzosi ya kwanza ilitoka nzuri mno. Sailensa kubwa ya mviringo, raba za kuning'inizia nimezikata kwenye tairi la lori, hakuna inapogusa bodi. Nilipowasha gari lilinong'ona. Nilikuwa na fahari ambayo haikunisaidia kitu.

Mzee aliwasha, akakunja uso. Akakanyaga mafuta. Akakanyaga zaidi. "Halisemi," akasema. Alipotoka nalo barabarani alirudi na harufu ya klachi.

Haya. Unataka kelele, nitakupa kelele. Nikaweka sailensa nyembamba, moshi unapita moja kwa moja, bomba fupi. Nilipowasha kuku wa jirani walitawanyika na Mama Eliza akajifunga kitenge masikioni. Mzee akasema, "Kidogo afadhali." Akatoka, gia zikalia vilevile. Nilikasirika. Nilimwambia Juma kwamba yule mzee hana tatizo la ekzosi, ana tatizo la uzee. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu huu.

Alhamisi nikapanda naye.

Nilitaka kuona kwa macho yangu anakosea wapi. Nikakaa kiti cha mbele kushoto, tukaingia barabara kuu. Nyuma yetu bajaji ikaanza kupiga honi, ile honi yao nyembamba inayochoma. Inapiga, inapiga. Mzee hakutikisika hata ukope. Nikasema, "Baba, kuna bajaji inataka kupita." Anaendesha tu. Nikadhani ni kiburi. Mara akasogea pembeni mwenyewe kwa utulivu, na ndipo lori likatupita. Mimi sikuwa nimeliona lile lori. Yeye hakuwa ameangalia kioo.

Nikatazama chini.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mtupu. Kiatu kimewekwa pembeni vizuri, soksi imekunjwa ndani yake, na baridi yote hii. Kila alipoachia klachi aliushusha mguu sakafuni, akatandaza vidole, akausikilizia. Hakupata kitu. Basi anakanyaga mafuta zaidi, anatandaza tena vidole, bado hapati kitu, mwisho anabahatisha gia na gia inalia.

Nikageuza uso dirishani nikasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, gari linawaka moto." Akaendelea kuendesha, amani tele. Kisha nikamgeukia usoni nikasema polepole, "Tusimame pale mbele." Akawasha taa ya kuegesha akasimama.

Nimejiuliza sana ilikuwaje nikae na mtu siku zote zile nisijue. Jibu lipo gerejini kwangu. Sisi hatuongei kama watu wengine. Grainda inalia, jenereta inalia, lori linajaribiwa, kwa hiyo tunasemezana kwa mikono. Kuzungusha kidole ni washa, kiganja shingoni ni zima, vidole viwili vikipigwa pamoja ni ongeza kidogo. Kinachobaki tunakifokea huku tunaangaliana midomo. Mtu asiyesikia akija pale anakuwa mwenzetu tu, hata hatumshangai. Angekuwa karani wa benki wangemjua siku ya kwanza.

"Umejua," mzee akasema. Hakuniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mama Eliza anajua. Eliza hajui. Usimwambie."

Akanieleza, akiongea kwa sauti kubwa kidogo kama anavyoongea siku zote. Miaka mingi kwenye kichwa cha lori, injini ipo pembeni ya goti, dirisha wazi. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Ndege, simu, kijiko kwenye kikombe. Sauti za wanawake na watoto zikafuata. Zile nzito bado zipo kiasi, na mtetemo upo wote. Ekzosi ya zamani ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye bodi, ikawa inatikisa sakafu, naye akiendesha kwa mguu kama mwingine anavyoendesha kwa sikio. Ilipooza akabaki hana kitu. "Eliza akijua," akasema, "atasema kiziwi haendeshi gari." Nikamwahidi sitasema.

Tulipogeuza kurudi nilikuwa na aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kinaruka ruka. Nilishaanza kuichora kichwani. Nilikuwa nimetengeneza ekzosi za masikio, na mteja wangu anasikia kwa unyayo.

Nikarudisha ile sailensa kubwa ya kwanza, nikairefusha ili sauti ishuke kabisa, nzito lakini ya upole kwa watu wa nje. Upande anaokaa Mama Eliza nikaacha raba laini. Kisha, chini ya sakafu pale mguu wa kushoto wa dereva unapotulia, nikachomelea mkono wa chuma kutoka kwenye bomba mpaka kwenye bodi, na bati katikati la kuzuia joto lisimuunguze.

Nilipowasha gari zima lilitetemeka. Kioo cha ndani kilicheza mpaka nikaona malori mawili penye lori moja. Mkono ulikuwa mgumu mno, unapitisha kila kitu. Nikakaa chini nikauangalia kwa chuki. Juma akaja, akauliza kama kuna msiba. Nikamweleza ninachotafuta, kitu kinachopitisha mtikisiko wa taratibu na kuumeza ule wa haraka. Akaingia kwake akatoka na kipande cha springi ya gari dogo, bapa, kimechakaa. "Hii ndiyo kazi yake toka izaliwe," akasema, akarudi zake kwa wateja.

Nikakiweka badala ya ule mkono. Kisha nikafanya jambo ambalo ningekutwa nalo ningecheka mwenyewe: nikajaza pamba masikioni, nikafunga kilemba juu yake, nikavua kiatu cha kushoto, nikatoka na gari kwenye njia ya nyuma isiyo na watu.

Sakafu ilikuwa ya baridi kali. Mwanzo sikupata kitu, nikaogopa. Nikatulia, nikaacha mguu ulale. Ukaja. Gia ya kwanza inagota gota chini ya kisigino. Ukikaribia kubadilisha, mapigo yale yanashikana yanakuwa kitu kimoja, yanapanda mpaka kifundoni. Ukichelewa yanawasha vidole. Nikabadilisha ya pili bila kusikia chochote, ikaingia kama kisu kwenye siagi. Ya tatu hivyo hivyo. Nilipiga kelele ya furaha ambayo sikuisikia.

Hapo ndipo nilipokaa na swali ambalo bado ninalo: kuna vitu vingapi mwili unavijua ambavyo hatuvipi nafasi kwa sababu masikio na macho yanawahi kujibu?

Leo basi. Mama Eliza alinisihi niende nao, eti kama kitu kikikatika. Nikakaa kiti cha nyuma na kisanduku cha spana mapajani. Mama Eliza aliongea njia nzima, habari za kanisani, za kahawa, za jirani aliyejenga ukuta, akijua fika mumewe hasikii, na mumewe akiitikia kwa kichwa pale alipoona ameinua mkono. Ni ndoa yao, mimi nani.

Kwenye mpando wa Ihanda tukakuta lori limebeba mzigo mkubwa, linatambaa. Lazima ashuke gia. Mama Eliza akanyamaza katikati ya neno. Nikauona ule mguu mtupu unashuka, vidole vinatandazwa. Mzee alitulia. Akakanyaga klachi, akavuta gia, akaachia. Hakuna kilicholia. Gari likavuta pumzi likapanda. Mama Eliza akamalizia neno lake, na mimi nikagundua nilikuwa nimeshika spana.

Tulifika Hasamba injini ikinguruma chini chini, kahawa imeanikwa kwenye vichanja pande zote za uwanja. Eliza alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mkononi kwenye shali jeupe. Amefanana na baba yake paji la uso. Alizunguka gari akaliangalia, akanusa upande wa klachi, hakukuta kitu.

"Baba, gari limekuwa zuri," akasema.

Mzee alikuwa ameinama nyuma ya gari anatoa kapu. Hakujibu. Eliza akarudia, kwa nguvu zaidi. Wageni wakageuka. Mzee hakugeuka. Nikamwona Eliza anaanza kuelewa, inamwingia taratibu, na akanitazama mimi.

"Fundi, baba anasikia?"

Nilikuwa nimeahidi. Lakini kumdanganya mtu aliyeshika mtoto, machoni, siwezi. Nikageuka kumtazama mzee. Mzee akainua kichwa, akatuangalia mmoja mmoja, akasoma kila kitu kwenye nyuso zetu.

"Sisikii, mwanangu," akasema. "Mvua kubwa nasikia. Lori nasikia. Wewe sikusikii, siku nyingi sasa."

Akanyoosha mkono wenye funguo kumpa.

Sijui nilipata wapi ujasiri, labda ni ile tabia yangu ya kupenda watu waone kazi. Nikasema, "Dada Eliza, vua kiatu."

Alinitazama kama nimerukwa na akili. Lakini akampa mama yake mtoto, akavua kiatu chake cha kanisani, akakaa kwenye usukani na kuweka unyayo pale nilipomwonyesha. Mzee akaingiza mkono dirishani akawasha. Nikamwambia akanyage mafuta kidogo, kisha kidogo tena. Nikaona mabega yake yanashuka. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyohitaji, anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, na machozi yanamtoka bila kuyafuta. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia, kwa nini nifiche.

Alipozima alishuka akasema mambo mawili. Baba ataenda Mbeya kupimwa masikio, na mimi nitaweka vioo vikubwa pande zote mbili ili aone bajaji zisizosikika. Nikasema vioo ni kesho. Mzee hakuwa amepata hata neno, kwa sababu Eliza aliyasema akiwa amenigeukia mimi. Akagundua. Akachukua zile funguo akazirudisha kwenye kiganja cha baba yake na kumfumba vidole.

Kisha akamchukua mtoto, akazunguka akasimama mbele ya baba yake kabisa, akasubiri mpaka yale macho yatue mdomoni kwake.

"Baba," akasema polepole, "anaitwa Ezekia."

Jina hilo, Mama Eliza aliniambia baadaye, limetajwa kwenye simu na mezani tangu mtoto azaliwe. Eliza alidhani baba yake amelipuuza. Mama hakulisema kwa sababu alitaka alipate kwa binti yake mwenyewe.

Mzee akamwomba arudie. Nina hakika aliliona vizuri mara ya kwanza.

Sasa nipo kwangu. Kabla ya kuandika nilizima redio nikakaa kimya, kwa udadisi tu, nisikilize chumba. Kuna mlio mwembamba masikioni mwangu, kama nzi aliye mbali. Sijui umeanza lini. Miaka yote hii nimeshika grainda bila kuweka kitu masikioni, kwa sababu pale kwetu hakuna anayeweka.

Kesho grainda haiwaki mpaka nipate vya kuzibia masikio. Viwili vyangu, na viwili vya Juma.